Vipande Elfu Arobaini na Nane

Kwako Dada,

Salamu za mdogo wako zikukute umeketi, cherehani imezimwa, na lile goti la kushoto limekupa nafasi ya kupumua. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu hawajambo, hasa yule wa mwisho asiyetaka viatu? Mwambie mjomba wake amesema asivivae mpaka afikishe miaka arobaini, tuone nani atachoka kwanza. Mimi huku ni mzima, kikohozi kimeniacha, na chumba nilichohamia kina dirisha linalofunguka. Kwa mtu aliyeshinda miaka kumi na mmoja kwenye studio iliyozibwa magodoro ukutani, hilo si jambo dogo.

Najua umeigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nani amekufa. Hajafa mtu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Unajua ulivyo. Ungesema basi, mdogo wangu, yamekwisha, na mimi ningepata pa kujificha. Karatasi haimkatizi mtu.

Nataka nikusimulie mambo ya Profesa yote, kwa mpangilio. Vipande umevipata kwa watu, na watu unawajua, kila mmoja anaongeza chumvi yake. Halafu kuna langu la kukuambia, na hilo ndilo lililonikalisha mezani. Linahusu sauti yako. Mwanao mkubwa aliniambia siku hizi unashona kimya, radio imewekwa juu ya kabati na waya wake umeviringishwa, na mteja akikuomba wimbo unasema hizo zilikuwa enzi za usichana. Dada, wewe uliyeniimbia mgongoni mpaka nikajua nyimbo kabla sijajua kutembea. Maneno hayo yamenikaa kooni mwaka mzima.

Profesa ulimsikia kwa simu tu, kwa hiyo ngoja nikuchoree. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, tumbo mbele, miwani kichwani. Uprofesa wake hakuusomea popote, alijipa mwenyewe enzi za kanda na watu wakauzoea. Sikio analo, sitamnyima haki yake, na kinanda anakipiga mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Lakini kompyuta ilimkuta ukubwani, na yeye si mtu wa kufundishwa. Mashine ikimwandikia ujumbe wa kumuuliza jambo, hausomi. Anaubonyeza uondoke, kwa jibu lolote lililo karibu na kidole chake, na karibu siku zote jibu hilo ni Hapana. Alikuwa akisema mashine ina maneno mengi kama dalali.

Kazi yangu miaka yote hiyo ilikuwa kukaa nyuma yake na kumdaka. Kila kazi mpya niliandika vipimo vyake kwenye utepe mweupe na kuubandika chini ya kioo cha kompyuta, ili kila mtu avione. Profesa hakuvisoma hata siku moja. Akibonyeza vibaya, nilimsubiri aende msalani, nikarekebisha, akirudi anakuta mambo shwari na kuanza kujisifu. Wapiga vyombo walijua. Mpiga gitaa alikuwa akinikonyeza kila Profesa anapoinuka kwenye kiti. Tuliishi hivyo, na sikuwa na neno, maana aliniokota nikiwa sijui hata kuzungusha waya vizuri.

Kisha ikaja ile albamu iliyopata tuzo. Uliisikia, uliniambia ni kama waimbaji wamekaa sebuleni kwako. Albamu ile niliichanganya mimi, Dada, wimbo kwa wimbo, miezi minne, mpaka sikio la kulia likaanza kulia lenyewe. Jalada lilipotoka, penye jina la fundi palikuwa na jina la Profesa. Nikasema labda wachapishaji wamekosea. Siku ya tuzo akapanda jukwaani, akashukuru Mungu, mkewe, kinanda chake, halafu akaninyooshea kidole huku chini na kusema asingependa kumsahau kijana wake wa nyaya. Kijana, na mimi nina mvi. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikafika nyumbani, nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Kuanzia siku ile niliacha kumdaka. Sikugombana naye, sikununa, niliendelea kumwekea chai pembeni. Vipimo niliendelea kuviandika kwenye utepe kama kawaida, kwa mwandiko mkubwa zaidi hata, asije mtu akasema sikuandika. Ila nilichoka kuwa mkono wa mtu anayeniita waya. Nilijiambia ipo siku atabonyeza Hapana mbele ya watu wenye maana, nami nitakuwa nimekaa. Kimya kingi kina mshindo, na mimi nilikuwa nauhesabia siku.

Sasa tuje kwenye wimbo wako, wimbo wa Mama. Unakumbuka Profesa alikuwa anakusanya nyimbo kumi na mbili za waimbaji wasiojulikana, nami nikamsumbua mpaka akakubali wako uwe wa kwanza kwenye orodha. Vyombo tulivirekodi huku, mapigo tisini na sita kwa dakika, tukakutumia, ukaenda kuimba kwa yule mpiga picha za harusi mwenye chumba kidogo nyuma ya duka lake la fremu. Sauti yako ikatufikia Jumanne, saa tano asubuhi. Profesa akakaa kwenye kiti chake kikubwa, wapiga vyombo wakiwa wamejaa mle ndani kwa ajili ya kuisikia, akaiingiza na kubonyeza kucheza.

Ilianza pamoja na vyombo, na kabla ya mstari wa kwanza kwisha ilikuwa imebaki nyuma. Ilikuwa nzito, inaburuta, imezama chini, kama mwanamume mwenye mafua anayesoma kaburini. Profesa akaisogeza mbele, ikaanza vizuri na kubaki nyuma tena. Akaikata beti kwa beti na kuipanga upya, kila ubeti ukachelewa kufika mwisho. Wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika nne na sekunde ishirini na moja. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mpiga gitaa akasema pengine faili ndilo linaloumwa, Profesa akamuuliza nani profesa mle ndani.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekipokea. Alikupigia palepale, simu ikiwa kwenye spika, akakuchezea ubeti mmoja kisha akakuambia maneno ambayo nayajua kwa moyo. Kwamba mapigo yanakuacha, mama. Kwamba sauti yako imelegea kama shati lililofuliwa mara mia. Kwamba urudi kwenye cherehani yako upumzike, muziki una wenyewe. Tukakusikia ukisema sawa, baba, asante kwa kunisikiliza. Ulimshukuru. Wimbo wa Mama akapewa mpwa wake wa kike. Ameuimba vizuri, sikatai, ila hajui anamwimba nani.

Sasa soma mstari huu polepole, na ukiumaliza uurudie. Sauti yako haikulegea, na mapigo hayakukuacha hata nukta moja. Mashine ndiyo iliyoisoma kwa kipimo kisicho chake.

Ngoja nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Mashine haihifadhi sauti kama ilivyo. Inaikata vipande vidogo mno na kuvipanga. Studio yetu hukata vipande elfu arobaini na nne na mia moja kwa kila sekunde. Watu wa video hukata elfu arobaini na nane, na mpiga picha wako ni mtu wa video. Hapo hakuna mwenye kosa, kila fundi na kipimo chake. Balaa ni pale vipande vya kule vikiingizwa huku na mashine isiambiwe. Ni sawa na mteja akuletee vipimo vya inchi, wewe ukate kwa sentimita. Kitambaa ni kilekile, mkono ni uleule, lakini gauni halimwingii mtu. Vipande elfu arobaini na nane haviwezi kutoka vyote ndani ya sekunde inayotoa elfu arobaini na nne, kwa hiyo vinapanga foleni, na sauti inachelewa na kuzama. Ukifanya kinyume, inakimbia na kupanda. Dawa yake ni ndogo mpaka inatia aibu. Mashine yenyewe inauliza, kwa adabu kabisa, kwamba faili hili lina kipimo tofauti, je, ilibadilishe? Unajibu Ndiyo, unaendelea na chai yako. Yule mpiga picha wa harusi, ambaye hakuna aliyewahi kumwita profesa, alijibu Ndiyo alipoingiza vyombo vyetu. Ndiyo maana kule ulivisikia sawasawa na ukaimba sawasawa. Profesa alijibu Hapana.

Najua unataka kusimama. Kaa, bado.

Miezi kumi na minne baadaye ukumbi mpya wa mji ukakamilika, na Profesa akapewa kazi ya sauti siku ya ufunguzi. Ilikuwa apewe pia usimamizi wa mitambo ya ukumbi moja kwa moja, na kiti hicho alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alinunua koti. Kwaya ya watu sitini ingeimba juu ya muziki tuliourekodi studio. Walifanya mazoezi miezi sita, akina mama wakitoka kazini na vikapu vyao, chini ya mwalimu wao, mwanamke mrefu mkimya ambaye anaongoza kwa nyusi zaidi ya mikono. Mazoezi yote walifanyia kwenye mashine yetu ya studio, na kila kitu kilikuwa sawa.

Mashine ya ukumbini ilikuwa imewekwa kwa kipimo cha video, kwa sababu ya kamera. Nililijua hilo wiki tatu kabla. Zamani ningeyabadilisha mafaili kabla hatujatoka mlangoni. Safari hii niliyaacha yalivyo. Nikaandika vipimo vyote viwili kwenye utepe mweupe, nikaubandika chini ya kioo, na Profesa akaja kuweka kikombe chake juu yake. Alisema siku hiyo atakaa kwenye mashine mwenyewe, kwa sababu kamera zingepita pale. Nikamvutia kiti. Akaingiza mafaili. Ujumbe ukatokea, maandishi meusi kwenye kisanduku cheupe, nikausoma begani kwake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akabonyeza Hapana. Akajaribu sekunde tatu za ngoma za mwanzo, akaridhika, akaweka miwani sawa. Ngoma kwa sekunde tatu haziwezi kumfichua mtu.

Nilikwenda kukaa nyuma yake na chai yangu. Nakuambia kweli, Dada, chai ile ilikuwa tamu.

Saa tisa alasiri wageni wakakaa, kwaya ikasimama, muziki ukaanza. Ulikimbia. Mapigo yake, tisini na sita kama ya wimbo wako, yakawa mia na nne na ushee, na ufunguo wa wimbo ukapanda mpaka akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kupiga kelele badala ya kuimba. Besi wakabaki nyuma kabisa wakihema. Mwalimu akasimamisha kwa mkono mmoja na kutazama nyuma. Profesa akasema kwa kipaza sauti kwamba kwaya imechelewa kuingia, akaanza upya. Yakatokea yaleyale. Akaona namba ya mapigo kwenye mashine, akaishusha hadi themanini na nane. Namba ikashuka, muziki haukushuka, maana muziki uliokwisha kurekodiwa hautii namba ile mpaka uuamuru. Akauamuru. Ukavutika, ngoma zikalia kama maji kwenye ndoo, na ufunguo ukabaki kulekule juu. Alikuwa anapunguza mapigo wakati ugonjwa ulikuwa vipande. Jasho lilimtoka mpaka koti jipya likabadilika rangi mgongoni. Safu ya nyuma wakaanza kucheka, cheko likashuka safu kwa safu mpaka mbele walipokaa wakubwa.

Hapo ndipo alipogeuka. Aliniita kwa jina langu. Jina hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu mwaka wangu wa pili kazini. Akaniuliza kwa sauti ndogo ina nini mashine hii.

Nilimaliza chai. Nikainuka, nikachukua kipaza sauti cha fundi, kile kinachosikika ukumbi mzima, nikaongea kwa utulivu. Nikamwambia Profesa, mapigo yanakuacha, baba. Masikio yako yamelegea kama shati lililofuliwa mara mia. Nenda nyumbani ukapumzike, muziki una wenyewe. Mpiga gitaa, aliyekuwa amesimama kando ya jukwaa, aliyatambua maneno yale na kuweka mkono mdomoni. Profesa pia aliyatambua. Nilimwona akitafuta kichwani aliyasema lini, na nilimwona akikumbuka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikafuta mafaili, nikayaingiza upya, ujumbe ukatokea, nikabonyeza Ndiyo. Haikuchukua dakika. Kwaya ikaimba, na walipomaliza hakuna aliyebaki amekaa.

Profesa kiti hakupata. Kamati ilinipa mimi, na ndiyo maana nina chumba chenye dirisha. Studio ameifunga. Wanasema anashinda nyumbani, kinanda amekifunika shuka. Watu walinitarajia nijute, na hata mpiga gitaa aliniambia labda nilizidisha. Sijutii, Dada. Nimejichunguza kila pembe nikitafuta majuto juu ya mzee yule, na sijayaona. Akifa nitakwenda kumzika na sitalia.

Hadithi ilipokufikia ulinitumia ujumbe. Ulisema, mdogo wangu, umenifuta machozi, Mama huko aliko ameona ulivyonilipia. Nimeusoma mara nyingi mno. Huku pia kila mtu anasimulia hivyo, kwamba fundi alimlipia dada yake, na kuna wanaokuja kunishika mkono kwa ajili hiyo. Sikumkana hata mmoja. Lakini wewe umeninyima usingizi, kwa sababu najua kukicha utakaa kwenye cherehani, mguu utakanyaga, akili itazunguka, na utafika kwenye swali. Kama mdogo wangu aliujua ugonjwa wa Profesa siku ile ukumbini kwa kutazama tu, ugonjwa wa sauti yangu aliujua lini?

Niliujua siku ileile. Niliujua kabla hujamaliza neno la tatu. Nimelala mgongoni mwa sauti hiyo, Dada, naijua inavyoanza kuvuta pumzi. Nilijua si wewe. Nikatazama utepe, nikatazama kioo, nikaona vipimo havilingani. Ilikuwa kazi ya sekunde ishirini.

Na sikukaa kimya tu. Ningekuwa nimekaa kimya, pengine ningeweza kujitetea. Mpiga gitaa aliposema faili linaumwa, Profesa alimfokea, lakini maneno yale yalimwingia. Akageuka kwenye kiti chake na kuniuliza mimi, mbele ya wote, kama faili lako lina tatizo. Nilimjibu kwamba faili halina tatizo lolote. Na ni kweli, faili lilikuwa zima, tatizo lilikuwa mashine yake. Nililichagua jibu lile kwa makini, lisiwe uongo. Ndipo akachukua simu akakupigia.

Ungeuliza kwa nini, nami nimejiuliza. Jibu ni dogo na baya. Ningemwambia siku ile, angejifunza. Angeona aibu ndogo mbele ya watu saba, angejua ujumbe ule maana yake nini, na tangu hapo angekuwa anausoma. Mimi sikutaka aibu ndogo mbele ya watu saba. Nilitaka ukumbi mzima. Nilitaka ujinga wake ubaki mzima bila mkwaruzo mpaka siku kubwa, na ili ubaki, mtu fulani ilibidi aambiwe sauti yake imekwisha. Sikujua kwamba angekupigia palepale, hilo naapa. Lakini alipokata simu nilikuwa bado nimekaa. Nilikuwa na jioni ile, na kesho yake, na miezi kumi na minne ya kukupigia na kukuambia imba, Dada, huna ubaya wowote. Kila nilipoishika simu niliwaza kwamba ungefurahi, ungesema kwa watu, habari zingemfikia Profesa. Nikaiweka chini. Mwanao aliponiambia habari ya ile radio juu ya kabati, nilimjibu mama yako amechoka tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hizi ulinishonea wewe.

Kwa hiyo usiseme nilikulipia. Nililipia jina langu kwenye jalada, na bei yake uliitoa wewe bila kuambiwa. Maneno yako niliyasema ukumbini kwa sababu yalikuwa makali na yalikuwa tayari mkononi, kama mtu anavyookota jiwe lililo karibu.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Sauti yako imo, imeingizwa kwa kipimo chake, juu ya vyombo vilevile. Sijaigusa, sijaipamba, hakuna ubeti niliousogeza, maana hakuna uliohitaji. Mpelekee yule mpiga picha akuchezee kwenye spika nzuri. Mwalimu wa kwaya nimemsikilizisha. Alisimama mpaka mwisho, akaomba namba yako, na kwa mara ya kwanza nimemsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Anataka uje uimbe mbele ya watu wake sitini. Atakupigia Jumamosi. Nimemweleza pia niliyokueleza hapa, yote, kwa hiyo usidhani nimemficha. Ukija na hutaki niwe kwenye mashine, sema, nitakaa nyumbani. Mtu mwingine ataikalia, nimeshamwonyesha pa kubonyeza.

Limebaki moja. Profesa aliikata sauti yako baada ya ubeti wa pili, na mimi sikuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Nimeisikiliza juzi, mchana, dirisha likiwa wazi. Wimbo ukiisha kuna sekunde chache ambazo mpiga picha alisahau kuzima. Anasikika akikuuliza kama urudie kuisikiliza kabla hajaituma, asije akalaumiwa. Unacheka. Unamwambia aitume tu, asiogope, mdogo wako yuko kule, pakiwa na kosa atasema.

Nisalimie shemeji na watoto, na umwombe shemeji asinijibu yeye kwa niaba yako. Nangoja neno lako, hata likiwa moja, hata likiwa la kunifukuza.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi